Kitambaa cha Bwana Popote

Tarehe 3 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na mama, na kwamba goti lake limepoa tangu mvua zilipokatika. Mimi mzima, ila shingo inaniuma kwa kuinamia kompyuta, ugonjwa ambao najua utaucheka.

Nina habari, kwa hiyo kaa kitako kwanza. Narudi nyumbani.

Usidhani nimefukuzwa. Kazi ninayo, tena ile ile. Ila kampuni imefunga nusu ya ofisi zake na kutuambia kila mtu afanyie kazi popote apendapo, mradi kazi ionekane. Popote, Dada! Miaka yote hii nimeishi katika jiji hili kama sahani iliyopangwa kabatini: juu yangu watu, chini yangu watu, na jirani wa ukuta wa pili najua siku anazogombana na mkewe kuliko ninavyoijua siku yangu ya kuzaliwa. Asubuhi foleni, jioni foleni, na mtu wa foleni hana haya, anakupigia honi utadhani barabara umeijenga wewe. Watu wa hapa wanajisifu kwamba wanaishi mjini. Waulize huo mji wameuona lini. Wanachokiona ni kitanda, ofisi, na mgongo wa gari lililo mbele yao.

Basi nimewaachia jiji lao. Nitakuja kukaa nanyi huko mlimani, nivute hewa, nile chakula cha mama, jioni nitembee kwa miguu kama binadamu. Kazi yangu unaijua: kukagua madai ya bima, nani kaumia kweli na nani anatudanganya. Aliyeumia anaweza kukaguliwa kutoka mlimani sawasawa na kutoka ghorofani.

Mwambie mama. Najua atafurahi. Wewe sijui.

Mdogo wako.


Tarehe 14 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Maumivu ya goti la mama yamehamia kiunoni. Anasema siku hizi hata ugonjwa unafanya kazi popote.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kila nikikupigia simu unasema, "Dada, nakupigia baada ya dakika mbili," na dakika zako mbili huwa zinaota ndevu. Karatasi haina baadaye. Nimempa kondakta wa basi akuletee, na nimemwambia asipokukabidhi mkononi asinitazame usoni tena pale stendi.

Mama nimemsomea barua yako. Pale palipoandikwa "narudi nyumbani" alinirudisha mara kadhaa, halafu akavaa gauni lake la kutokea na kupita nyumba kwa nyumba akitangaza. Kufika jioni mtaa mzima unajua. Fundi seremala, yule jirani aliyetutengenezea milango, akaniuliza, "Kwani kafukuzwa?" Nikamwambia hapana, kazi yake sasa inafanyika popote. Akafikiri kidogo, akasema, "Kitu kinachofanyika popote si kazi, hicho ni kikohozi." Tangu hapo umepata jina. Hujafika bado na tayari unaitwa Bwana Popote.

Sasa nisikilize. Sina ubaya na kurudi kwako, nina swali tu. Unarudi kukaa nasi, au unarudi kukaa kwetu? Hayo ni mambo mawili. Umeandika hewa, umeandika mlima, umeandika matembezi, na mama umemtaja pale palipo na sufuria. Kwetu sisi washamba, nyumbani ni mahali mtu anapokuwa hayuko kazini. Wewe unakuja na kazi yako kama mfugaji anayehama na ng'ombe. Haya, tutaona ng'ombe atafungwa wapi.

Na dharau zako za jiji ziache huko huko. Jiji hilo ndilo ulilotukogea miaka yote. "Ninyi mtazeekea mlimani hata lifti hamjaipanda." Nani alisema maneno hayo, mimi au wewe? Leo lifti imekushusha, sisi ndio tumekuwa hewa safi.

Kiuno cha mama kinakusalimu.

Dada yako.


Tarehe 27 Februari

Dada yangu,

Shikamoo, na poleni na kiuno. Huku nafungasha. Vitu vyenyewe havijai hata gari dogo, ndipo ninapojiuliza nilikuwa nalipia kodi ya nini.

Nina ombi, nawe usilipokee kwa hasira kabla hujalimaliza. Nilipokuja kuwatembelea mara ya mwisho nilipima mtandao chumba kwa chumba. Chumba cha nyuma hakuna kitu. Sebuleni unakuja na kutoweka kama mdeni. Mahali pekee unapokaa sawasawa ni chumba cha mbele, kile chenye dirisha linalotazamana na mnara wa simu wa ng'ambo ya bonde. Najua ndimo ilimo cherehani yako.

Lakini fikiri, Dada. Cherehani haihitaji mnara. Uzi hauna habari na mtandao. Mimi nikikosa chumba hicho sina kazi, wewe ukikikosa umebadilisha kiti tu. Pale uani pana bati na mwanga tele. Kushona unaweza kushona popote.

Nimeshazungumza na mama kwa simu. Amekubali.

Mdogo wako anayekupenda.


Tarehe 6 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo.

Cherehani imetoka. Mama aliisukuma mwenyewe, na kiuno kile kile, huku akiimba. Nikaona aibu nikamsaidia, kwa hiyo unaweza kusema nimejifukuza kwa mikono yangu.

Nikueleze tu kitu ambacho hukukipima ulipokuwa unapima. Dirisha la chumba hicho linatazama barabara. Mteja hupita, akaona sare za shule na mapazia yametundikwa, akaingia. Uani ataniona nani? Paka. Mvua ikipiga bati simsikii mtu, na ikipigwa na upepo inaingia mpaka kwenye kitambaa cha watu. Umesema naweza kushona popote. Ni kweli. Hata kuku anaweza kuchinjwa popote, ila hajaulizwa.

Karibu nyumbani.

Dada yako.


Tarehe 2 Juni
Chini ya mlango wa chumba cha mbele

Mdogo wangu,

Hujambo? Nauliza kwa sababu sijui. Tunalala nyumba moja, tunachota maji pipa moja, na habari zako nazipata kwa kutega sikio ukutani ukiwaambia watu wengine, "Nawasikia vizuri kabisa." Kwa hiyo leo nakutumia barua, kutoka uani mpaka hapa. Sikutaka kumsumbua kondakta.

Ulipofika uliomba alama ya mlangoni, ili tujue uko kazini. Nilikukatia mwenyewe kipande cha bitana nyekundu, nikakipinda kingo zote, nikakitia na kitanzi. Ukatukusanya kama wanafunzi: "Kikining'inia, mtu asigonge. Kikishushwa, karibuni." Mimi kwa ujinga wangu nikadhani kitakuwa kinashushwa. Kinaning'inia ukiwa kikaoni, kinaning'inia ukila, kinaning'inia ukikoroma mchana. Na mama anakitii kama askari wa barabarani. Jana alikupelekea mchuzi, akakikuta, akakaa na bakuli mapajani kwenye kile kigoda chake mpaka mafuta yakaganda juu. Nikamwambia, "Mama, gonga, huyo ni mwanao." Akanijibu kwa kunong'ona, "Usimharibie mwenzio. Watasema nyumba yetu haina adabu." Sasa nyumba nzima inanong'ona. Tumekuwa kama wezi kwetu.

Tena si sisi peke yetu. Uliwasifia wenzako hewa ya huku, na wenzako wamekuja. Wamejaa na vikoti vyao na kompyuta zao, wanapiga picha mawingu. Mwenye nyumba ya jirani amemtoa mpangaji wake, yule nesi, amepaka kuta rangi nyeupe na kuweka kibao: "Vyumba vya watulivu wa mtandaoni." Nesi aliyewazalisha nusu ya wanawake wa mtaa huu sasa amepanga kule bondeni, anapanda mlima kwa miguu kwenda kazini. Maana kazi yake yeye haifanyiki popote. Mtoto hazaliwi kwenye skrini.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umeshakaa msimu mzima na hata ufagio hujaushika. Jioni ulizosema utatembea kwa miguu, zimekwenda wapi?

Nasubiri jibu. Pitishia hapo hapo chini.

Dada yako wa uani.


Tarehe 2 Juni
Chini ya mlango, kutoka ndani

Dada,

Shikamoo. Niko kikaoni, naandika huku naitikia kwa kichwa, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Habari ya nesi usinibebeshe mimi. Mimi nilisifia hewa, sikumfukuza mtu. Mwenye nyumba ana tamaa zake.

Cherehani yako inasikika. Juzi bosi aliniuliza kama ninaishi karibu na kiwanda. Nikamwambia ni jirani. Tafadhali asubuhi usishone, walau mpaka tumalize kusalimiana.

Kitambaa kikishuka nitatoka tuzungumze.

Mdogo wako.


Tarehe 25 Agosti
Juu ya meza ya sebuleni

Dada yangu,

Shikamoo. Najua umelala hospitali na mama, na sikutaka kuagana nawe pale wodini mbele za watu. Natumai ameamka salama. Daktari ameniambia ulimi utarudi polepole, na mkono huenda nao, ingawa angefikishwa mapema ingekuwa afadhali. Hilo neno "mapema" alilisema akinitazama.

Naondoka leo. Tangu siku ile kiharusi kilipompata nje ya mlango wangu, mtaa hauniangalii usoni. Hata wale wenzangu wa kompyuta wanavuka barabara. Nimepata chumba katika mji ulioko ziwani, mtandao wake mzuri, na kazi haiwezi kusimama.

Naomba uelewe jambo moja. Nilikuwa kazini. Kitambaa kilikuwa kinaning'inia kwa sababu nilikuwa kazini. Angegonga tu, Dada. Kugonga ni kitu kidogo. Mimi sikumkataza mama kugonga. Nilisema mtu asigonge, na mama si mtu. Unajua nilivyomaanisha.

Chumba cha mbele sasa ni chako. Kitambaa nimekitia kwenye kapu lako la vipande.

Mdogo wako.


Tarehe 16 Septemba

Mdogo wangu,

Hatujambo, ukimtoa asiyeweza kusema hajambo. Mama yuko nyumbani. Mkono wa kulia umelala, mdomo umeenda upande, na maneno yanamtoka yamelowa. Kula anakula. Kukuulizia anakuulizia.

Barua yako niliikuta imekandamizwa na kopo la chumvi, kana kwamba ingekimbia kabla yako.

"Nilikuwa kazini," umeandika, halafu ukarudia. Hapo ndipo nilipojua ni uongo, maana msema kweli husema akanyamaza. Mimi siku ile nilikuwa nimepeleka sare kwenye shule ya ng'ambo ya bonde. Lakini fundi seremala alikuwepo, na nilimbana mpaka akasema. Alikuwa anapita, mlango wa barazani uko wazi, akamwona mama kwenye kigoda chake, kichwa kimeegemea ukuta, mate yanachuruzika. Akamuuliza kulikoni. Mama akanyoosha mkono uliokuwa bado wake, akamwonyesha kitambaa. "Nasubiri kishuke." Fundi hakusubiri. Alipiga kikumbo ule mlango alioutengeneza mwenyewe, akakukuta chali kitandani, vile vidude masikioni, kompyuta tumboni. Hapakuwa na kikao. Hapakuwa na bosi. Palikuwa na picha za vyumba: vitanda vyeupe, madirisha ya ziwani. Ulikuwa umetufungia mlango wetu ili utafute mlango mwingine.

Nimekutukana kimoyomoyo njia nzima ya kwenda sokoni na kurudi, na bado sijamaliza. Wewe unalipwa kumtambua mtu aliyeumia akiwa nchi nyingine. Huyu alikuwa amekaa upana wa ubao kutoka miguuni pako, na ameumia kweli, na hakudai chochote.

"Mama si mtu." Nimekuelewa ulivyomaanisha. Mama naye alikuelewa ulivyosema. Tofauti ya hayo mawili ndiyo mkono wake wa kulia.

Na chumba usinipe. Huwezi kuchukua kiatu cha mtu, ukakivaa msimu mzima, kisha ukamrudishia kwa tabasamu la mfadhili. Nakichukia chumba hicho na harufu yako ya marashi ya ofisini iliyobaki ndani. Mtu hanusiwi kwenye kompyuta, ulikuwa unampakia nani?

Dada yako.


Tarehe 8 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo, hata kama huitiki. Mama anaendeleaje? Mkono umeanza kushika chochote?

Barua yako nimeisoma. Nitakueleza huku nilipo, ucheke, maana najua unapenda kunicheka.

Mji huu umejaa watu kama mimi. Kina Popote watupu. Kuna mkahawa wenye meza ndefu, kila mtu kafungua kompyuta, kaziba masikio, anamchekea mtu asiyekuwepo. Aliyepo pembeni yake akipiga chafya hakuna wa kumwambia pole. Jirani yangu wa chumba cha pili simjui jina. Ninachojua ni kwamba mtandao wake ameuita "Usiniombe." Wenyeji wanatuangalia kama nzige: tumeshuka, tutakula, tutapaa, na bei zitabaki pale pale tulipozipandisha. Wenzangu wanauita uhuru. Kila jioni wanaulizana, "Utahamia wapi baada ya hapa?" na hakuna anayemuuliza mwenziwe alitoka wapi. Mwanzoni niliwadharau. Halafu nikakumbuka na mimi nimekaa meza hiyo hiyo, nimeziba masikio hayo hayo.

Mtandao unashika mpaka chooni. Milango haina haja ya alama, kwa sababu hakuna anayekuja kugonga.

Wiki iliyopita nimeletewa dai moja. Mama wa mtu, kiharusi, amechelewa kufika hospitali. Kwa kawaida yetu natakiwa niwaulize watoto wake: mgonjwa alicheleweshwa na nini? Nimeliandika swali. Sijalituma. Bosi anauliza dai moja linakaaje muda wote huu.

Ukiandika tena usitumie karatasi, zitanipotea nikihama. Tumia anwani yangu ya barua pepe ya kazini. Ndiyo anwani yangu pekee isiyohama.

Cherehani imerudi chumba cha mbele?

Mdogo wako.


Tarehe 11 Januari
Kwa anwani isiyohama

Mdogo wangu,

Hujambo. Mwandishi wa barua hii ni nesi, yule yule aliyehamishwa kwa ajili ya wenzako. Anapanda mlima kuja kumnyoosha mama mkono, na wala hajauliza habari ya mtandao. Mimi nasema, yeye anabonyeza simu yake, na matusi anayaruka. Ukiona barua ni fupi ujue sababu.

Umeuliza kama cherehani imerudi chumba cha mbele. Haijarudi.

Nilipomaliza kukuchukia nilifagia chumba, nikafungua dirisha, nikamwita fundi seremala anisaidie kubeba cherehani. Tumefika nayo mlangoni, mama akapiga kelele. Hana nguvu za kuita jina langu, lakini kelele ile ilitoka. Alikuja akiburuta mguu, kapu langu la vipande amelikumbatia, akatoa kitambaa chako chekundu. Akashindwa kukifikisha kwenye msumari. Akamwangalia fundi mpaka fundi akakitundika. Kisha akaweka kidole mdomoni, akasema kwa ule ulimi wake uliolowa, "Yuko kazini."

Nikamwambia, "Mama, ameondoka. Chumba kitupu." Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nikimwaga maziwa. Sijui amesahau au anakataa. Nesi anasema inaweza kuwa yote mawili.

Tangu siku hiyo, Bwana Popote, umekuwa mfanyakazi hodari kuliko wote mtaani. Hutoki. Huli. Huumwi. Mama anakaa kwenye kigoda chake nje ya mlango wako akikulinda. Mteja akicheka kwa sauti anafukuzwa. Asubuhi sishoni, kwa sababu unasalimiana na bosi wako. Kila siku lazima nikupikie chai, mama aiweke mlangoni kwa mkono wake wa kushoto, nusu imwagike njiani. Akisinzia, mimi naenda kuinywa, ili akiamka akute kikombe kitupu. Akikikuta kitupu anafurahi siku nzima. Kwa hiyo nimeinywa chai yako, na vijiko vyako viwili vya sukari nisivyovipenda, mpaka nimenenepa kwa ajili yako.

Mvua zimerudi. Juzi sare za shule zimelowa uani, nimezianika jikoni, zikanuka moshi, mwalimu amezirudisha. Na chumba kipo pale, kikavu, dirisha linatazama barabara, hakuna mtu ndani, na mimi siruhusiwi kuingia. Ulipokuwepo nilikuwa na mtu wa kugombana naye. Sasa nafukuzwa na mtu ambaye hayupo.

Nimejaribu kukishusha. Nilikishusha amelala, nikakificha kabatini. Alipoamka akakikuta hakipo, alijua kimeshuka, na kikishuka maana yake karibuni. Alifungua mlango mwenyewe. Akaangalia kitanda. Akaangalia kiti. Akakaa kitandani na kulia kama mtoto, bila sauti, kwa sababu amezoea kutopiga kelele mbele ya mlango wako. Nimekirudisha kwa mikono yangu. Sitakigusa tena.

Kwa hiyo nisikie. Siombi urudi kukaa. Sina haja na hewa yako unayoivuta wala bosi wako anayesikia cherehani. Nakudharau leo kama jana, na nesi hilo usiliruke, liandike. Lakini kitambaa hicho hakishuki kwa mkono wangu wala wa fundi. Njoo uingilie dirishani, ufungue mlango kutoka ndani, mama akuone ukitoka na kukishusha wewe mwenyewe. Umwambie kazi imekwisha. Basi. Ukishamaliza nenda popote.

Anakusubiri pale pale. Hajagonga bado.

Dada yako.


Tarehe 11 Januari
Jibu linalojituma lenyewe

Mpendwa mwandishi,

Asante kwa ujumbe wako. Natumai u mzima wa afya.

Kuanzia leo siko kazini. Niko njiani kwenda nyumbani. Wenzangu naomba msinielewe vibaya: sifanyi kazi kutoka nyumbani. Kompyuta nimeiacha kwa mwenye mkahawa. Naenda nyumbani tu.

Kuna dai moja ambalo swali lake sikulituma. Tafadhali lilipeni bila kuliuliza. Jibu ninalo mimi.

Kwa mambo mengine ya haraka mwandikieni bosi. Ujumbe wako sitausoma mpaka nitakaporudi, na sijui nitarudi lini.

Kama unanitafuta mimi mwenyewe, gonga mlango.

Kitindamimba wa mama.